Mzee wa Shaba Uani mwa Nairobi, na Jiwe la Kilembe

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazee, walimu na vijana wa Kisinga, wilaya ya Kasese



Niruhusuni niliweke jiwe hili juu ya meza, mpate kuliona nyote kabla sijasema neno jingine. Ukubwa wake hauzidi ngumi ya mtu mzima. Upande mmoja ni jeusi kama kaa lililozimwa kwa maji, upande wa pili lina mishipa ya manjano inayometameta mithili ya dhahabu, ingawa si dhahabu, na pembeni, palipopatwa na mvua za miaka mingi, limefanya utando wa kijani kama kijani cha jani changa la mgomba linapokunjuka asubuhi. Jiwe hili limetoka Kilembe. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mchimbaji chini ya ardhi, alilileta nyumbani katika mfuko wa koti siku alipoacha kazi, na tangu siku ile likawa jiwe la kuzuilia mlango usipigwe na upepo wa mlimani. Nalikua nikilipita kila siku bila kulitazama, mpaka siku moja, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilipojikuta nimesimama katika ua wa jumba moja kubwa la mji wa Nairobi, mbele ya sanamu ya shaba, nikaona katika mikunjo ya vazi lake, pale maji ya mvua yanapotuama, alama hafifu ya kijani kile kile. Na papo hapo, katikati ya mji ule wenye makelele, nikalikumbuka jiwe la mlangoni kwetu.

Mhadhara wangu wa leo ni juu ya sanamu ile, na juu ya aliyeiumba, na juu ya jambo la tatu ambalo watu aghalabu hulisahau wanapozungumza habari za sanamu, nalo ni madini yenyewe na mikono inayoyasubu. Mtu akisimama mbele ya sanamu huuliza maswali mawili: huyu ni nani, na aliyemfanya ni nani? Mimi naomba leo tuliulize na swali la tatu, yaani shaba hii ni ya nani, kwa kuwa sisi tuliozaliwa chini ya mlima huu wa Rwenzori tuna haki ya kuliuliza swali hilo, na tena tuna wajibu, kuliko watu wengi wa Afrika Mashariki.

Ua ninaousema ni ua wa jumba la mikutano la kimataifa lililopewa jina la Kenyatta, ambalo wenyeji wa Nairobi hulitaja kwa herufi zake tu, KICC. Ramani yake ilichorwa na msanifu wa Kinorwe, Karl Henrik Nøstvik, akishirikiana na David Mutiso, Mkenya. Kazi ilianza mwaka 1967, na jumba likafunguliwa mwezi wa Septemba 1973, mwezi ule ule ambao Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanya humo mkutano wao wa mwaka, ukiwa ndio mkutano wao wa kwanza wa namna hiyo katika bara la Afrika. Lina mnara wa ghorofa 28 unaopanda mita 105, na ubavuni mwake ukumbi wa mviringo wenye paa lililochongoka kama msonge. Na mbele ya vyote hivyo, katika uwanja mpana wenye chemchemi za maji, juu ya kitako cha mawe, ameketi Mzee Jomo Kenyatta katika vazi lake refu, kimo chake futi 12, yaani zaidi ya mita 3 na nusu, na hali ameketi.

Tulitafakari neno hilo, ameketi, maana mimi naona ndipo ulipo ustadi wa kwanza wa kazi ile. Sanamu nyingi za watawala duniani husimama, au hupanda farasi, au hunyoosha mkono kuonyesha njia kana kwamba watu hawaijui. Mwafrika mzee hasemi maneno mazito akiwa wima. Wazee wetu hapa Bukonzo, kama wazee wa Kikuyu, na kama wazee wa pwani katika mabaraza yao ya mawe, huketi kwanza, wakatulia, wakawaacha vijana wasimame; na anayesimama mbele ya mzee aliyeketi ndiye mwenye shida, si mzee. Aliyeumba sanamu ile alilifahamu jambo hili, au aliambiwa akalisikia vema, kwa maana ameuweka uzito wote chini, katika mapaja na magoti, vazi likiteremka kama maji mazito hadi miguuni, hata mtu akiikaribia sanamu hujikuta amepunguza mwendo bila ya kuamrishwa na askari. Wapiga picha wa uani wanalijua hilo kuliko wanazuoni. Nimewaona wakiwapanga wageni kutoka mashambani, bwana na bibi na watoto, mbele ya Mzee, na hakuna mgeni hata mmoja aliyehitaji kuambiwa asimame wima na kuishusha mikono.

Aliyeiumba ni James Butler, Mwingereza, aliyezaliwa Deptford katika mji wa London mwaka 1931 na kufariki mwaka 2022. Kabla ya kujulikana alifanya kazi ya uchongaji wa mawe kwa miaka kadhaa, kazi ya patasi na nyundo na vumbi, kisha akafundisha katika chuo cha sanaa cha City and Guilds mjini London, na mwaka 1972 akawa mwanachama kamili wa Royal Academy, chama kikuu cha wasanii wa Uingereza. Kazi ya Nairobi ilikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa za kwanza za hadhara. Baadaye alimfanya mfalme Richard wa Tatu kwa ajili ya mji wa Leicester mwaka 1980, na jemadari Alexander kwa ajili ya London mwaka 1985, na akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 75 alifanya kumbukumbu ya askari wa Kimarekani waliouawa Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza, ambayo ni askari amembeba mwenzake aliyekufa. Nimeyataja hayo ili mjue kwamba mtu aliyemkalisha Mzee katika ua ule hakuwa kibarua wa sanaa, bali fundi aliyekamilika. Na insafu yanitaka niseme kwamba aliitenda kazi yake kwa taadhima. Hakumpamba Mzee kupita kiasi, wala hakumfanya kijana.

Yako mawili, hata hivyo, yanayonizuia nisiisifu kazi ile yote. La kwanza ni kwamba Kenyatta alijengewa sanamu hiyo angali hai, maana alifariki tarehe 22 Agosti 1978; na rai yangu mimi, ambayo sitaki kumlazimisha mtu, ni kwamba shaba haipasi kumiminiwa mtu aliye hai, kwa sababu shaba hukata shauri la mwisho, na mtu aliye hai hajalimaliza shauri lake. Wakenya wenyewe walikuja kulihisi jambo hili kwa njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote isiwekwe katika noti na sarafu. Lakini noti mpya zilipotolewa mwaka 2019 zilichorwa jumba lile la mikutano, na mbele yake, kama anavyoonekana kwa macho ya mpita njia, Mzee ameketi. Mtu mmoja akapeleka shauri Mahakama Kuu, akidai kwamba hiyo ni sura ya mtu. Shauri likakataliwa, na noti zikaendelea kutumika. Mimi si mwanasheria. Lakini naona ajabu jinsi kazi ya mikono ya fundi mmoja ilivyoota mizizi katika ua hata ikawa vigumu kuuchora mji bila yake.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ndilo lililonileta hapa. Ili mlielewe, sina budi kuwaeleza jinsi sanamu ya shaba inavyofanywa, na nawaomba vijana wasichoke, maana haya hayamo katika vitabu vyao vya shule.

Watu hudhani kwamba sanamu ya shaba huchongwa. Haichongwi. Muumbaji hutengeneza kiunzi cha vyuma, akakivika udongo, akaufinyanga udongo ule kwa vidole na vijiti mpaka sura ikamilike, na hapo kazi yake kubwa yeye imekwisha. Baada yake huja watu wengine. Hao huupaka udongo jasi, au siku hizi mpira, wakapata ganda lenye alama zote kwa ndani, kila kunyanzi na kila alama ya kidole. Kisha hupaka nta ndani ya ganda lile, tabaka jembamba la milimita 5 au 6 hivi, wakalitoa, wakapata sanamu nyingine ya nta, tupu ndani kama kibuyu. Ikiwa ni sanamu kubwa, hukatwa vipande: kichwa mbali, bega mbali, goti mbali. Kila kipande hutiwa kiini ndani na kuungwa mirija ya nta, mmoja wa kuingizia madini na mingine ya kutolea hewa, kisha chote hufunikwa kwa udongo wa moto na kuwekwa katika joko siku kadhaa mpaka nta yote iyeyuke na kukimbia. Hapo panabaki nafasi tupu yenye umbo la ile nta iliyopotea. Ndipo shaba, iliyoyeyushwa katika moto wa nyuzi zaidi ya 1,000 za sentigredi, humiminwa kwa mkono mmoja usiotetemeka na usiokatiza, kwa sababu ukisita kati mkondo huganda na kazi ya miezi huharibika; ikipoa, ganda la udongo huvunjwa kwa nyundo, mirija ikakatwa, vipande vikaungwa kwa moto, maungio yakalainishwa kwa tupa na patasi ndogo hata jicho lisiyaone, na mwisho kabisa shaba hupashwa moto na kupakwa dawa kali zinazoipa rangi, ikawa nyeusi, au kahawia, au kijani.

Kazi hiyo yote huitwa kusubu, na ganda lile huitwa kalibu. Wahunzi wetu wa zamani walifua chuma; yaani walikipiga kikiwa chekundu mpaka kikawa jembe au mkuki. Kufua ni kazi ya nguvu. Kusubu ni kazi ya subira na hesabu, na anayeijua huweza kuupeleka uso wa mtu miaka elfu mbele.

Na madini yenyewe? Shaba nyeusi, ile ya sanamu, si shaba tupu. Kanuni yake ya kale ni sehemu 9 za shaba nyekundu na sehemu 1 ya bati. Hebu tuitazame nchi yetu. Shaba nyekundu imo katika mlima huu ulio nyuma ya migongo yenu. Bati lilichimbwa Mwirasandu, kule kusini katika nchi ya Ankole. Basi katika magharibi ya Uganda, bila ya kuvuka mpaka wowote, Mwenyezi Mungu aliweka vyote viwili, na kati yake safari ambayo lori huimaliza kwa siku moja.

Kilembe mnaijua, lakini naitaja kwa ajili ya wadogo. Kampuni ya kuchimba iliundwa mwaka 1950. Reli ililetwa kutoka Kampala mpaka Kasese na kukamilika mwaka 1956, na mwaka huo huo uchimbaji mkubwa ukaanza, ukaendelea hadi mapema miaka ya 1980. Katika muda huo mlima ulitoa zaidi ya tani milioni 16 za mawe yenye shaba, ambayo katika kila tani 100 shaba yenyewe haikutimia tani 2. Mawe yalisagwa huku, mchanga wake mzito ukapakiwa mabehewani kwenda Jinja, kwenye tanuri iliyopata umeme kutoka bwawa la Owen Falls. Huko ikayeyushwa na kufanywa vipande vya shaba ghafi, na vipande vile vikarudishwa mabehewani kwenda bandari ya Mombasa, kuuzwa ng'ambo.

Sasa fuateni nami njia ya reli ile. Kutoka Jinja ilipita Tororo, ikaingia Kenya, ikapita Nakuru, na kutoka Nakuru ikashuka Nairobi. Stesheni ya Nairobi haiko mbali na jumba la mikutano. Mtu hutembea kutoka hapa hadi pale kabla jasho halijamtoka. Maana yake ni kwamba katika mwaka ule wa 1973, wakati Mzee wa shaba alipokuwa akiketishwa katika ua wake, shaba ya Kilembe, shaba ambayo baba zenu na baba yangu waliitoa katika giza kwa taa za kichwani, ilikuwa ikipita karibu naye katika mabehewa, ikielekea baharini. Haikusimama. Haikuwa na mtu wa kuisimamisha, kwa kuwa nchi zetu zilijua kuchimba, kusaga na kupakia, bali hazikujenga karakana ya kuimimina shaba ile katika kalibu ikatoka na uso wa mtu wetu.

Wala msidhani kwamba muumbaji alikosekana. Katika mji ule ule, mwaka ule ule, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo usiotimia nusu saa kwa miguu kutoka ua ule, alikuwako Gregory Maloba. Huyu alizaliwa magharibi ya Kenya mwaka 1922, akaja Makerere, akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell, mama aliyeianzisha shule ya sanaa ya chuo kile. Na mwaka 1941, angali kijana wa miaka 19, alichonga katika mti sanamu aliyoiita Mauti, ambayo hata leo huhesabiwa katika kazi za kwanza kubwa za uchongaji wa kisasa wa nchi hizi. Alifundisha Makerere miaka mingi, kisha mwaka 1966 akahamia Nairobi kuongoza idara ya usanifu. Na kila mmoja wenu aliyefika Kampala ameiona kazi yake, ijapokuwa labda hakulijua jina lake: ile sanamu ya Uhuru kati ya barabara ya Speke na ya Nile, mama aliyezongwazongwa mwili mzima kama maiti aliyevikwa sanda, au kama mgonjwa aliyefungwa vidonda, na juu ya vifungo vile anamwinua mtoto ambaye hana hata uzi mmoja wa kumfunga, mikono ya mtoto imeelekea mbinguni. Maloba aliifanya kwa ajili ya tarehe 9 Oktoba 1962. Mimi sijaona katika Afrika Mashariki sanamu iliyosema uhuru kwa maneno machache kuliko hiyo: mama hakuwa huru, na alijua hatakuwa huru kamili, lakini mtoto huyo hapo.

Sanamu ya Maloba ni ya saruji.

Saruji si kitu cha kudharauliwa. Wilaya yetu yenyewe ina kiwanda chake pale Hima, na nyumba nyingi mlizotoka asubuhi hii zimeshikwa nayo. Lakini saruji hupasuka, hunywa maji, hubanduka. Kila baada ya miaka huhitaji kupakwa na kuzibwa, na kila anayeipaka na kuiziba huondoa kidogo mkono wa muumbaji. Shaba haiombi hayo. Hivyo basi nchi iliyokuwa ikipeleka behewa baada ya behewa la shaba Mombasa ilisimamisha kumbukumbu ya uhuru wake kwa saruji, na nchi jirani yenye muumbaji huyo huyo katika chuo chake kikuu ilimpa kazi ya shaba fundi kutoka London. Sisemi haya kumlaumu mtu. Butler aliitwa, akaja, akafanya vema. Nasema tu kwamba madini yalikuwa yetu, na mkono ulikuwa wetu, na kilichokosekana ni kile cha katikati, kalibu na watu wa kalibu. Na kwa kukosekana hicho kimoja viwili vile havikukutana katika maisha ya Maloba, aliyefariki mwaka 2007.

Wapo wanaosema kwamba kusubu ni elimu ya Wazungu, nasi tumechelewa. Hilo si kweli, na ushahidi wake umo katika jumba la makumbusho la Lamu. Humo mna baragumu mbili kubwa za kifalme ziitwazo siwa: moja ni ya Pate, ya pembe za ndovu, na nyingine ni ya Lamu, ya shaba, iliyosubiwa kwa njia hii hii ya nta inayopotea, na kunakshiwa mwili mzima, wajuzi wanaikadiria kuwa ya karne ya 17 au ya 18. Ikipulizwa, mji mzima ulijua kwamba kuna arusi ya watu wakubwa, au kutawazwa, au msiba. Basi Waswahili wa pwani walipokuwa wakimimina shaba katika kalibu na kuitolea sauti, hakuna mtu aliyewaambia wasubiri fundi wa kigeni. Na huko magharibi ya Afrika, Benin na Ife, vichwa vya wafalme vilisubiwa karne nyingi kabla Waingereza hawajaiteka Benin mwaka 1897 na kuvichukua vya huko. Tulichopoteza ni uzi tu, na uzi uliokatika huungwa.

Nilipokuwa nikiwaza hayo nilikumbuka pia yule askari wa shaba wa Dar es Salaam, ambaye wengi mmemwona, kama si kwa macho basi katika picha, ameinama kidogo na bunduki yake imeelekea bandarini. Alizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, vita ambavyo si wao walioviwasha. Alifanywa na James Alexander Stevenson, akasubiwa London na karakana ya Morris, akaonyeshwa kwanza katika Royal Academy watu wa London wakamsifu, ndipo akapakiwa melini. Kabla yake mahali pale palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, iliyoondolewa mwaka 1916 na hatimaye kusimamishwa Hamburg, mpaka wanafunzi wa huko walipoiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Tazameni basi: mshindi na mshindwa wote wawili walisubiwa Ulaya, na kumbukumbu ya Mwafrika aliyekufa kwa ajili yao ilibidi ivuke bahari kuja nyumbani kwake.

Lakini sikuja hapa kuwasomea matanga, maana katika wilaya yetu hii hii ya Kasese uzi umekwisha kuanza kuungwa. Yupo mtu aitwaye Rungwe Kingdon, ambaye baba yake, Jonathan Kingdon, alizaliwa Tabora na kufundisha sanaa Makerere. Mtoto alikulia huku kwetu, akaenda Uingereza, na pamoja na mkewe, Claude Koenig, akaanzisha karakana ya kusubu iitwayo Pangolin, ambayo imekuwa miongoni mwa karakana kubwa za sanamu katika nchi ile. Watu hao wawili, badala ya kusahau, walirudi chini ya mlima huu na kuanzisha hapa Kasese karakana ya shaba, Rwenzori Founders, na kuwafundisha vijana wa Uganda kazi ile yote niliyowaeleza, kutoka udongo hadi nta, na kutoka nta hadi moto. Vijana waliozaliwa katika nyumba kama zenu wamesubu shaba hapa, kwa mikono yao. Jambo hili halikupigiwa mbiu inavyostahili, na mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko sanamu nyingi nilizozitaja, kwa sababu sanamu ni moja, bali anayejua kusubu ni chemchemi.

Nanyi mnajua yaliyotupata tangu Kilembe ifungwe. Mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013 ukachukua nyumba na watu, ukafurika tena mwezi wa Mei 2020 ukaibomoa hospitali. Mabaki ya machimbo yameachwa mabondeni, na maji yanayotoka humo yana rangi ambayo baba yangu aliijua na kuiogopa. Shaba ilituachia deni. Faida ilikwenda na mabehewa, na sumu ikabaki na sisi. Kwa hiyo ninapowasihi vijana wajifunze kusubu, sisemi kwa ajili ya urembo wa miji. Nasema kwa sababu watu waliolipa gharama ya madini kiasi hiki wana haki ya kuiona sehemu yake, hata kama ni ndogo, ikigeuka kitu chenye uso wanaoutambua.

Na uso wa nani? Hapa Kisinga hamna haja ya kuutafuta mbali. Karibu na tulipoketi, Kagando, mapokeo ya wazee yanayaonyesha makaburi ya Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, ambao waliwaongoza watu wa mlima kukataa kutawaliwa bila ya kuulizwa, wakanyongwa na serikali ya wakoloni mwaka 1921. Zaidi ya miaka 100 imepita. Hawajui mpiga picha wala noti ya benki. Wao hawatajengewa sanamu wangali hai. Shauri lao limekwisha, na linaweza kukatwa kwa shaba bila ya kuogopa. Sitaki wasimame na mikuki juu kama watu wa sinema. Nataka waketi, watatu, kama wazee katika baraza, na uwanja uwe wazi mbele yao ili mwenye shida aje asimame.

Naomba basi kwa wazee wa Kisinga na wa Bwera, kwa viongozi wa wilaya, na kwa walimu wa shule zilizo katika njia hii: watafuteni vijana wawili au watatu wenye mkono mwepesi, muwapeleke wakajifunze kalibu, wapeni udongo wa hapa wafinyange, na siku watakapokuwa tayari, watu wa Kilembe waombwe walete shaba, kila nyumba iliyobaki nayo. Mimi nitaanza. Jiwe hili ni dogo, na shaba iliyomo haitoshi kufanya hata ukucha wa mzee mmoja, lakini halirudi tena mlangoni kwetu. Naliacha hapa, mikononi mwa mwalimu mkuu, liwe la kwanza.